Neno Ambalo Mama Halitamki

Sijui kukaa. Hata haya ninayoyaandika nimeshayaacha mara tatu: mara ya kwanza kuangalia kama chaja inapitisha moto, mara ya pili kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi, mara ya tatu sikumbuki. Nyumbani, kijijini Kumsenga, walishanizoea. Wenzangu wakirudi shamba wananyoosha miguu, mimi nikirudi shamba natafuta kitu cha kufungua. Nilifungua redio ya baba nikiwa darasa la nne, nikaifunga tena skrubu mbili zikiwa zimebaki mkononi, ikaendelea kuimba vilevile, na kuanzia siku hiyo nikajiona fundi. Baba alizitafuta skrubu zile mpaka anaaga dunia.

Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, watu wengine wakahamishiwa kambi nyingine, wengine wakarudi Burundi, na vitu vyao vikabaki sokoni Kibondo: masufuria, maturubai, ndoo, na taa za sola zilizokufa. Hizo taa ndizo zilizoniharibu. Wauzaji walizimwaga chini kama viazi. Nilichuchumaa pale saa nzima nikizigeuza, nikizitikisa sikioni, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua taa au kutafuta mume. Nikamjibu kwamba mume hana betri. Akacheka, akaniongezea mbili za bure.

Ndani ya kila taa kulikuwa na kibao cha saketi cha kijani, betri, na nyaya mbili tatu. Vilivyo hai nilivinyofoa, vilivyokufa nikaviweka kwenye ndoo kwa imani kwamba siku moja vitafufuka. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya nilikipasha kwenye jiko la mkaa. Kwa vipande vile niliunda kengele ya zizi, iwe inalia mlango ukiguswa. Ililia mchana kutwa, kwa sababu mbuzi waligundua kwamba waya umeshika chumvi ya mikono yangu wakawa wanaulamba kwa zamu. Niliunda pia chaja ya simu ya mama kwa vioo vinne vya sola nilivyovifunga juu ya bati. Hiyo ilifanya kazi vizuri sana, almradi kuna jua.

“Mana yanje, Mungu wangu,” mama alikuwa akisema akiruka nyaya mlangoni. “Mwananje, hiyo mikono inakuwasha nini?”

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba kila kitu nilichokimaliza kilinichosha papo hapo. Taa ikiwaka, basi, nimeshaichoka. Nilitaka kitu kisichoisha, na ndivyo nilivyoingia kwenye kompyuta.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kikongo aliyekuwa akifundisha kompyuta kambini Nyarugusu, kisha akaolewa Kasulu na kufungua kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Nilikwenda kwake kutoa nakala ya cheti, nikamkuta amefungua programu ambayo sikuwahi kuiona, maandishi meupe yakikimbia kwenye kioo cheusi, nikasahau cheti. Nilimuuliza maswali mpaka wateja wakanuna. Mwishowe akanivutia kiti. Tangu hapo nikawa kiguu na njia, Kumsenga, Kibondo, Kasulu, na vumbi lote la katikati. Alinifundisha jinsi mashine zinavyosalimiana, jinsi mwizi anavyosikiliza salamu hizo, na jinsi ya kumzuia. Sharti lake lilikuwa moja.

“Ya kwako tu,” aliniambia. “Ukigusa ya mutu, hapa kwangu usirudiye tena.”

Kwa hiyo nilijiibia mwenyewe. Nilikuwa na simu mbili mbovu na kisanduku cha intaneti kilichoungua upande mmoja, nikaviweka mezani, nikawa mwizi na mwenye mali kwa wakati mmoja. Nikishinda nafurahi, nikishindwa nafurahi zaidi. Lakini somo lililonishika kuliko yote lilihusu watu, mashine haikuwemo. Mwalimu alinipa kitabu alichokichapa mwenyewe, na sura moja ilisema kwamba mwizi mzuri hahangaiki na kufuli. Anakupigia simu. Anatumia sauti unayoiamini, anakuambia muda unakwisha, anakutia hofu, na hakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Unampa ufunguo mwenyewe, na pengine unamshukuru. Nilisoma sura ile mara nne nikitikisa kichwa, nikimuwaza mama.

Mama alikuwa hatari. Simu yake ya kugusa niliitengeneza mimi kutoka kwenye mbili zilizokufa, nikaiwekea namba ya siri, naye akaifanya namba ile kuwa mali ya kanisa. Akikwama kidogo tu anampa aliye karibu: “Fungua hapo, ni moja, mbili, tatu, nne.” Kwaya nzima iliijua. Siku moja pale sokoni Mabamba, mtu asiyemjua hata kwa sura alimsalimia kwa salamu ya kutakiana ng’ombe, ile ya “amashyo,” naye mama akamwitikia “amashongore” kwa furaha, kisha akamkabidhi simu na namba yake ya siri ili amtafutie jina la shangazi. Mtu yule alilitafuta jina, akarudisha simu, akaenda zake. Nilipandwa na hasira. Mama hakuelewa kabisa nagomba nini. Kwake mtu anayekusalimia kwa Kiha hawezi kuwa mgeni.

Ndipo nikapata wazo, na nilijisifu nalo wiki nzima.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Anamwita databukwe, baba mkwe, basi. Halitamki akiwa peke yake, haliandiki, na likijificha ndani ya neno lingine analikwepa neno hilo pia. Jina la babu yangu lilikuwa na mvua ndani yake, kwa Kiha chetu. Kwa hiyo mama tangu aolewe hajawahi kusema mvua kwa lugha ya nyumbani. Anasema “ivyo hejuru,” vile vya juu. Mpaka naanza shule nilidhani hilo ndilo neno lenyewe, nikachekwa na watoto wa Kiha wenzangu hadi nikalia.

Na huyu babu hakuwa baba mkwe wa hivihivi. Ndiye aliyewavusha mama na baba mpaka wa Burundi, ambako lugha ya watu na Kiha ni ndugu, mama akiwa bibi harusi wa miezi michache, mgonjwa, na mzee akambeba mgongoni sehemu ambazo mwanawe mwenyewe alishindwa. Miaka mingi baadaye, tulipokwenda kuandikishwa ili tuwe raia wa Tanzania, karani alimuuliza mama jina la baba wa mume. Mama akanyamaza. Karani akauliza tena. Nilikuwa nimeshika kanga yake, mtoto wa kujua kidogo tu, lakini nilijua kwamba mtu yule mwenye kalamu anaweza kutuandika au asituandike. Mama aliangalia chini na kusema, “Mngojeni mume wangu.” Baba alikuwa shambani. Tulimngoja mpaka mchana, watu wakatupita, na mama hakulegea.

Basi nikajiambia kwamba neno lililomshinda karani litamshinda na mwizi. Niliifuta namba yake ya siri, nikaweka jina la babu, herufi zote, bila kukosea. Nikamwonyesha. Nilitegemea atagomba, au atacheka. Aliangalia kioo kile akakipa kisogo.

“Hilo hakuna atakayelisikia kwangu,” akasema.

Mimi niliona nimeshinda. Kila siku alifungua kwa alama ya kidole. Simu ikizima na kuwaka upya, inapotaka neno lenyewe, alinikabidhi bila kusema kitu nami nikaliandika. Sikuwahi kujiuliza ataishi vipi na simu ile nikiwa sipo, ingawa kutokuwepo ndicho kitu pekee nilichokitaka maishani.

Maana nilitaka kuondoka. Nisiseme uongo, nilitaka kuondoka mpaka kifua kikawa kinauma. Chuo kimoja cha mbali kilitangaza nafasi za kusomea ulinzi wa kompyuta mwaka mzima kwa ufadhili, na mtihani wa kuingia ulikuwa wa mtandaoni, siku moja, mlango wake ukifungwa saa nne kamili asubuhi. Nilijiandikisha. Nikailinda akaunti yangu kama nilivyofundishwa: ukiingia kwa kompyuta ngeni, inatumwa namba ya tarakimu sita kwa simu. Simu gani? Zangu zote zilikuwa mezani, matumbo nje. Nikaandika namba ya mama, nikaficha ujumbe usisomeke mpaka simu ifunguliwe, nikajipongeza tena.

Wiki ya mtihani mvua haikukatika. Chaja yangu ya vioo vinne ikawa pambo la bati. Nilitangulia Kasulu siku moja kabla, na asubuhi ya mtihani nikawa nimeketi kibandani kwa Mwalimu, kwenye kompyuta yake, saa tatu na dakika arobaini. Niliandika jina langu na neno langu. Kioo kikaniomba tarakimu sita. Sikushtuka. Nikampigia mama kwa simu ya Mwalimu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwananje. Wakeye, umeamka salama? Umekula?”

“Nimekula. Mama, kuna ujumbe umeingia kwako sasa hivi. Fungua unisomee namba.”

“Simu ilikuwa imekufa. Nimetoka kuichukua dukani walikonichajia. Kidole inakataa.” Akasita. “Inataka lile neno.”

Nikajisogeza ukingoni mwa kiti.

“Basi liandike, mama.”

“Uje uliandike.”

“Niko Kasulu!”

“Nitakungoja.”

Mwalimu aligeuka kuniangalia. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Saa ya kompyuta ilisoma tatu na arobaini na tatu. Nilimweleza mama mtihani ni nini, mlango unafungwa lini, na kwamba hakuna kesho. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba jirani ametoka kuchota maji, yuko karibu kurudi, atamwita aliandike yeye, maana kwa jirani mzee yule hakuwa baba mkwe.

“Hapana!” nikasema. “Neno la siri hapewi jirani, mama. Tulishazungumza.”

“Ni dakika kidogo tu.”

“Sina dakika. Nisikilize. Nitakutajia herufi moja moja. Wewe huandiki jina, unabonyeza herufi tu.”

“Na herufi zikikaa pamoja,” mama akauliza, “zinakuwa nani?”

Ningekuwa mtu wa kutulia, swali lile lingenitosha. Lakini niliona mlango ukifungwa, nikajiona nimechuchumaa Kibondo nikitikisa taa mbovu hadi nywele zinakuwa nyeupe, na nikapandisha sauti. Nilimpandishia mama yangu sauti mbele ya watu waliokuja kutoa fotokopi.

“Unataka nizeeke hapa? Nikikosa leo ni wewe, mama, ujue ni wewe. Zimebaki dakika kumi na mbili. Mzee amekufa! Amekufa siku nyingi, hasikii, hajui, hakuna atakayekuona. Fanya haraka!”

Nilisikia mvua kwenye bati letu, na kuku. Nilidhani amekata, nikaitoa simu sikioni kuiangalia. Nilipoirudisha, alikuwa akisema neno moja.

“Taja.”

Nikataja. Baada ya kila herufi nilisikia kucha yake ikigonga kioo. Hakurudia hata moja kwa mdomo, alikuwa akivuta pumzi tu. Tulipofika mwisho simu ikakataa, alikuwa amekosea mahali. Nikazitaja tena zote, kuanzia ya kwanza, kwa haraka zaidi. Safari hii ikafunguka. Akanisomea tarakimu sita kwa sauti kavu, akakata bila kuuliza kitu.

Niliingia kwenye mtihani zikiwa zimebaki dakika nne mlango ufungwe. Niliufanya vizuri, na nilijua naufanya vizuri. Swali moja lilitaka nieleze namna mtu anavyoweza kulazimishwa kutoa siri bila kuguswa. Niliandika nusu ukurasa bila kufuta neno.

Nilipomaliza, wateja walikuwa wameondoka. Mwalimu alikuwa akipanga karatasi.

“Jirani yenu hajuake jina ya muzee?” akauliza.

“Anajua. Kijiji kizima kinajua. Ni sisi wenyewe tulioliandika kwenye msalaba wake.”

“Sasa ulikuwa unaficha nini?”

Mtu yeyote wa Kumsenga angeweza kuifungua simu ile kwa kubahatisha mara moja. Aliyekuwa hawezi ni mmoja tu, mwenye simu. Nilitaka kucheka, nikafungua mdomo, kicheko hakikuja.

“Na vile ulisema na mama,” Mwalimu akaendelea bila kuniangalia, “njo vile banasemaka.”

“Akina nani?” nikauliza, ingawa ile sura ya mwizi anayepiga simu nilikuwa nimeisoma mara nne.

Akawasha mashine ya fotokopi.

Nilirudi nyumbani kesho yake na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga tangu Kasulu. Mama alinipokea begi, akanipakulia ugali wa muhogo na maharage, akaniuliza kuhusu barabara. Kila nilipoanza aliinuka kufuata kitu jikoni. Siku ya pili nilimkuta kaburini kwa babu, amepiga magoti kwenye matope, anang’oa magugu kwa mkono wakati jembe lilikuwa palepale. Nilisimama mbali. Nilitaka kwenda kumsaidia, lakini nikarudi ndani nikaanza kufungua taa ambayo haikuwa mbovu. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Nilijichukia siku ile, na sina namna nyingine ya kulisema.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimepata. Mama alishika kichwa changu kwa mikono miwili akasema, “Imana ishimwe, Mungu asifiwe,” na machozi yakamtoka, ya furaha, nina hakika ni ya furaha. Alikwenda kuwatangazia majirani mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akitembea upesi kuliko kawaida yake. Kanisani wakaniombea. Kwaya nzima ilinipa mkono, nami kila nilipopewa mkono nilitazama alipokaa mama.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimkalisha kibarazani nikamwomba simu.

“Nakubadilishia lile neno, mama,” nikasema. “Nakuwekea namba rahisi. Sikupaswa kukuwekea lile. Nisamehe.”

“Yamekwisha,” akasema. “Nionyeshe tu pa kubadilishia.”

Nikaliandika jina la babu kwa mara ya mwisho, nikamfungulia mahali penyewe, nikamwonyesha utaandika hapa, utarudia hapa, utabonyeza hapa. Aliuliza maswali mawili, mazuri yote. Kisha akaichukua simu.

“Geuka,” akaniambia.

“Nini?”

“Angalia kule.”

Nikageuka, nikatazama ukuta. Nilimsikia akigonga polepole, akirudia, akibonyeza. Hakukosea. Niliporuhusiwa kugeuka, kioo kilikuwa kimeshafungwa na yeye anakifuta kwa pindo la kanga.

“Umeweka neno gani?”

“Si ulinifundisha nisimwambie mtu?”

“Mimi si mtu, mama. Mimi ni mwanao.”

Akaitia simu kifuani, akanitazama kwa huruma kabisa, kama mtu anayenionea huruma kwa jambo nitakalolijua baadaye.

“Ndiyo maana,” akasema. “Wengine naweza kuwakatalia.”